Kura Kumi na Mbili za Sabuni

Wiki iliyopita niliwaacha pale masanduku yangu yalipobebwa. Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa karanga kabla hawajalisoma, nawapitisha kwa ufupi. Aibu ni yangu, sioni haja ya kuirefusha.

Mimi ni seremala wa ofisi ya uchaguzi. Miaka thelathini na moja nimetengeneza masanduku ya kura kwa mikono hii. Mbao, bawaba, kufuli mbili, na tundu la juu lenye upana wa kidole kimoja. Namba za masanduku aliziandika mke wangu kwa rangi nyeupe, kwa sababu mimi niliishia darasa la nne na herufi zangu zilikuwa zinalala chali. Ndiyo maana ofisini wananiita Mzee Sanduku.

Mke wangu alifariki mwaka juzi. Sisemi wakubwa walimuua. Nasema tu kwamba siku alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano wao. Mwenye akili atajumlisha mwenyewe.

Kisha zikaja mashine. Masanduku yangu mia mbili na arobaini yakagawiwa wafuga kuku. Leo kuku anataga pale pale ambapo mwananchi alikuwa anaweka matumaini yake, na nasikia mayai hayajawahi kupotea hata moja. Mimi nikapewa cheo kipya: Msimamizi wa Chaji. Nachomeka waya asubuhi, nachomoa jioni.

Na binti yangu wa pekee, aliyesoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike, akachukuliwa kwa majaribio awe karani wa mashine hizo hizo zilizonitoa kazini. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kumchomekea waya.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sikieni ya Jumatatu.

Jumatatu tulikusanywa ukumbini, viti vya plastiki, mashine moja juu ya meza yenye kitambaa cha kijani. Mbele ya mashine walikuwa wamesimamisha kibanda changu cha mbao, cha kumkinga mpiga kura asichunguliwe. Ni kitu changu pekee walichokiacha hai.

Mkurugenzi akasimama. Tunamwita Tuunde Kamati, kwa kuwa hata bomba la choo likivuja husema, "Tuunde kamati."

"Leo tunahakiki mashine," akasema. "Saa tisa wageni kutoka makao makuu wanakuja kuchukua ripoti. Ripoti ikiwa safi, mashine zinaingia kazini. Na karani wetu hapa," akamwonyesha binti yangu kwa kalamu, "barua yake ya ajira ya kudumu iko kwenye faili hili. Nitaisaini mbele ya wageni."

Binti yangu akainamisha kichwa. Mimi nikakohoa, maana kukohoa ndiko kulia kwa mwanaume mbele ya watu.

Akafuata Mtaalamu, kijana aliyekuja na mashine, miwani ya jua kaipandisha kichwani kana kwamba jua linachomoza darini.

"Tuna wagombea watatu wa majaribio," akasema. "Ufagio, Kiberiti na Sabuni."

"Kwa nini vyombo vya nyumbani?" akauliza Mhasibu.

"Mwaka ule tulitumia wanyama," Mkurugenzi akajibu, "watu wakanuniana mwezi mzima kuhusu nani aliwekewa fisi."

Mtaalamu akaendelea. "Mko wapigaji kumi. Kila mmoja atapiga kura kumi na mbili, na kila mmoja ana kijikaratasi kinachomwambia ampigie nani. Wanne watampigia Ufagio, watatu Kiberiti, watatu Sabuni. Kwa hiyo majibu tunayo tayari. Ufagio arobaini na nane. Kiberiti thelathini na sita. Sabuni thelathini na sita. Mashine ikitoa hivyo hivyo, ni nzima."

Nikainua mkono. "Ngoja kijana. Majibu mnayo kabla ya kura?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hilo si jambo jipya. Hata enzi za masanduku tulikuwa nalo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka, akaandika kitu.

"Halafu mimi," nikasema, "kijikaratasi changu kinaniambia nimpigie Ufagio."

"Sawa kabisa."

"Na kama Ufagio simtaki?"

"Mzee, Ufagio ni ufagio tu!"

"Ndiyo sababu simtaki. Nimekaa naye miaka miwili tangu mke wangu aondoke, na nyumba bado chafu."

"Mwacheni mzee, kura ni siri yake!" Mama Chai akapaza sauti kutoka mlangoni, sinia mkononi. Huyu mama hajawahi kumaliza kikombe cha mtu bila kumaliza na habari zake.

"Mama Chai, gawa vikombe," Mkurugenzi akasema. "Na wewe mzee, nisikilize. Leo kura si siri wala si yako. Ni ya mashine. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," tukaitikia, midomo kwenye vikombe.

Mafunzo yakaishia hapo. Dakika kumi, chai ikiwemo. Zikumbukeni hizo dakika kumi, zitarudi.

Nia yangu ilikuwa njema. Hilo naomba liandikwe hata kwenye kaburi langu. Niliingia kibandani nimeshapoa, nimpigie huyo Ufagio wao kumi na mbili, nirudi kwenye waya zangu.

Kioo kikawaka. Picha tatu.

Ufagio ulikuwa wetu wa jikoni. Mpini niliuchonga mimi, siwezi kuusahau. Kiberiti kilikuwa chetu, kile kilichochanika ubavu. Nikaelewa. Walimwambia karani alete picha, naye akaenda kuzipiga nyumbani kwa simu yake.

Halafu nikaona Sabuni.

Mke wangu alikuwa anachemsha sabuni ya miche nyuma ya nyumba, anawauzia majirani. Kabla mche haujakauka alikuwa anabonyeza dole gumba katikati, kibonyeo kimoja, ajue ni wake. "Huu ndio muhuri," alikuwa anasema, "na haughushiwi." Alipofariki ulibaki mche mmoja. Upo kabatini, juu ya mashuka. Mimi siugusi. Mwanangu haugusi. Wala hatuuzungumzii. Tunafulia sabuni ya dukani kama watu wasio na kwao.

Na sasa ule mche ulikuwa ndani ya mashine, na kibonyeo chake katikati, unaniangalia.

Chini yake kumeandikwa: BONYEZA UMTAKAYE.

Umtakaye. Hata mtu wa darasa la nne analisoma neno hilo.

Nikaweka dole gumba langu juu ya dole gumba lake. Mashine ikalia *ti*. Ikaniuliza kama nina hakika. Mimi nina hakika tangu nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nikabonyeza ndiyo.

Nikarudia. Mara kumi na mbili.

Nilitoka macho yamelowa. Mlinzi akaniuliza nina nini. Nikamwambia mwanga wa kioo unachoma.

"Pole mzee," akasema. "Teknolojia hiyo."

Zoezi likaendelea. Dereva akiwa kibandani, Mkurugenzi akakumbuka kwamba koti lake la suti lipo kwa dobi, na wageni wako njiani. "Dereva! Toka humo ukanifuatie koti!" Dereva akatoka mbio, kijikaratasi mkononi. "Nenda kaka, hapa nitamalizia mimi," binti yangu akamwambia, wala hakuna aliyegeuka kutazama.

Mwisho nikakabidhiwa orodha ya wapigaji, karatasi moja, niihifadhi kwenye kisanduku changu cha vifaa. Badala yake nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati, nikaisahau.

Mashine ikakoroma, ikatema kipande kirefu cha karatasi kama risiti ya duka. Binti yangu akakichana, akasoma.

"Ufagio... thelathini na sita."

Mtaalamu akashusha miwani machoni, ndani ya nyumba.

"Kiberiti, ishirini na tisa. Sabuni, hamsini na tano. Jumla, mia na ishirini."

Mama Chai akapiga vigelegele. "Sabuni kapita! Mwaka huu tutatakata!"

"Mama Chai, toka nje!"

Sitawaficha, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa itaonekana. Mashine imefeli mbele ya watu! Nikaanza kupiga hesabu nitawaambiaje kuku wahame.

"Mfumo haukosei," akasema Mtaalamu.

"Hamsini na tano badala ya thelathini na sita, na haukosei?" Mkurugenzi akamkazia macho.

"Haukosei. Jumla imetimia. Kura kumi na tisa zimehamia kwa Sabuni. Zimehamishwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenye neno la siri la kufungulia mashine."

Neno la siri alikuwa nalo mtu mmoja. Vichwa vyote vikageuka kama feni moja, vikamwelekea binti yangu.

"Mheshimiwa, sijagusa hesabu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mkurugenzi akafungua faili. Akaitoa barua ya ajira, akaitazama, akairudisha. "Hii sitaisaini. Nitaandika nyingine, kwa polisi. Kuchezea mashine ya uchaguzi ni kosa la jela, binti. Hata ikiwa ni sabuni."

"Mheshimiwa, tuunde kamati kwanza," Mhasibu akajaribu.

"Hakuna muda wa kamati!"

Ndipo nikajua mambo yameharibika kweli.

Ile furaha yangu ikayeyuka. Nilikuwa nimewachimbia wakubwa shimo, aliyetumbukia ni mwanangu. Na ndivyo ilivyo siku zote, wakubwa hawatumbukii. Wana watu wa kuwatumbukizia.

Nikamfuata korido, karibu na bomba la kunawia. Ilikuwa saa nane na robo.

"Mama," nikamwambia. Namwita hivyo, amebeba jina la mama yangu. "Kuna kitu nataka nikuambie."

"Usiniambie, Baba."

"Hujui ni kitu gani."

"Sitaki kujua. Usiniambie mimi, wala usimwambie mtu yeyote. Nyamaza kabisa." Alikuwa anafungua bomba na kulifunga, anafungua na kulifunga. "Kura kumi na tisa zimehama na hakuna anayejua zimetoka kwa nani. Wakikosa jibu watarudia zoezi kesho. Kesho itakaa sawa. Yatapita."

"Na polisi?"

"Ananitisha tu. Anawaogopa wageni kuliko anavyonichukia mimi. Niahidi, Baba."

"Lakini mwanangu..."

"Niahidi!"

Nikaahidi. Nikasema moyoni, tazama mtoto huyu, yuko tayari kubeba mzigo ambao si wake, kimya kimya, kama mama yake. Hiyo kumi na tisa ilinipita sikioni. Mtu mwenye hatia hasikii hesabu, anasikia pingu.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikajipima. Nimebakiza miezi minane nistaafu. Nyumba ninayokaa mimi na mwanangu ni ya ofisi, nyuma ya stoo. Nikisema, nafukuzwa, na nyumba inakwenda. Nisiposema, mtoto anakwenda.

Nikasikia sauti ya Mkurugenzi dirishani.

"Halo? Hapo ni kituo cha polisi?"

Ahadi yangu ikapasuka kama puto. Nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Weka simu chini, Mheshimiwa. Unayemtafuta ni mimi."

"Mzee, nenda kachomeke waya."

"Kura kumi na mbili za Ufagio nilimpa Sabuni. Kwa dole gumba hili hapa."

Akafunika simu kwa kiganja. "Ushahidi?"

"Ushahidi gani tena? Nakiri!"

"Huwezi kukiri kitu kisichothibitika. Kura ni siri."

"Asubuhi ulisema si siri wala si yangu!"

"Asubuhi ilikuwa asubuhi." Akarudi kwenye simu. "Samahani afande, nitapiga tena." Akaikata, akaninong'oneza kwa ukali. "Mzee, unataka kuniua? Kwenye ripoti nimeshasaini kwamba nyote kumi mlifundishwa siku tatu. Ukisema ulipotoka kwenye kijikaratasi, nitaulizwa nilikufundisha nini."

"Ulitufundisha dakika kumi. Tano zilikuwa za chai."

"Na sukari hamkununua," Mama Chai akasema. Alikuwa anafuta dirisha kwa nje, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Kwa hiyo ni afadhali mtoto wangu afungwe kuliko wewe kuulizwa swali?"

"Sijasema hivyo. Nasema wewe hukupiga kura hizo. Huna uwezo huo. Wewe ni wa waya."

Hapo nikachemka. "Miaka thelathini na moja nimewatumikia! Mmechukua masanduku yangu, nikanyamaza. Mmechukua gari la wagonjwa, nikazika. Leo naomba kitu kimoja tu, mnifukuze kazi kwa kosa nililofanya mwenyewe, na hicho nacho mnaninyima?"

Kelele zikawaleta wote. Mtaalamu mbele, Mhasibu, Mlinzi, na binti yangu nyuma yao, uso umempauka.

"Baba, umeniahidi," akasema.

"Nimeshasema, mama. Nimeshatua mzigo."

Akafumba macho. Nikadhani ni shukrani.

Aliyefurahi kweli alikuwa Mtaalamu. Nilipomweleza, alinikumbatia mpaka miwani ikamdondoka. "Si nilisema? Mfumo haukosei! Mzee, umeokoa mashine!"

Sikuwa na haja ya kuokoa mashine. Nilitaka kumwokoa mtoto, mashine ikadandia.

Akavuta karatasi mezani. "Tazameni. Ufagio alipata thelathini na sita. Muongezee kumi na mbili za mzee. Arobaini na nane! Kama tulivyopanga, barabara!"

Mkurugenzi akainama kutazama. Nikamwona anaanza kupata rangi. "Kwa hiyo naweza kuandika... hitilafu ndogo ya kibinadamu?"

"Ndogo sana. Ya seremala mmoja."

"Mzee ambaye haoni vizuri."

"Naona vizuri," nikasema.

"Haoni vizuri," Mkurugenzi akarudia, akiandika. Kisha akafungua faili, akaitoa ile barua ya ajira, akaivua kalamu kifuniko. Mkono wake ulishuka mpaka kwenye mstari wa saini. Niliona kwa macho yangu, wino uligusa karatasi, ukaacha nukta.

"Ngoja," akasema Mtaalamu.

Kalamu ikasimama.

"Sabuni hamsini na tano, toa kumi na mbili, arobaini na tatu. Alitakiwa awe na thelathini na sita." Akahesabu kwa vidole, yeye na kompyuta yake yote. "Zimezidi saba. Na Kiberiti amepungukiwa saba. Mzee, hizo saba nyingine ziko wapi?"

"Kijana, mimi nilipiga kumi na mbili. Siwezi kuongeza dhambi ili hesabu yako ikae."

"Wewe ulikuwa wa Ufagio. Hizi zimetoka kwa mtu wa Kiberiti. Nani walikuwa wa Kiberiti?"

"Mimi," akasema Mhasibu, "na nilipiga kumi na mbili, nina alama kwenye daftari langu."

"Mimi," akasema Mlinzi, "naapa kwa mama yangu, Kiberiti mwanzo mwisho. Mtu amenipa kijikaratasi, nitakibishia ili iweje?"

Akaniangalia mimi. Wote wakaniangalia mimi.

Wa tatu akaingia mlangoni na koti la suti kwenye kitundikio. Alikuwa Dereva.

"Wewe!" Mkurugenzi akamrukia. "Kura zako saba za Kiberiti umempa Sabuni!"

"Mimi?" Dereva akashangaa. "Mheshimiwa, mimi nilipiga tano tu. Ya sita ukanituma kwa dobi."

Mhasibu akafungua daftari lake.

Tano na saba. Hata kuku walio kwenye masanduku yangu wangejumlisha.

"Na saba zilizobaki alizimalizia nani?" Mkurugenzi akauliza taratibu.

Dereva akafungua mdomo. Akamtazama binti yangu. Akaufunga. "Sikumbuki, Mheshimiwa. Nilikuwa na haraka ya koti lako."

"Hakuna haja ya kukumbuka," Mtaalamu akasema. "Anayemalizia kura za mwenzake anatia saini kwenye orodha. Nani ana orodha?"

Nilikuwa nayo mimi. Ilikuwa inanichoma kifuani tangu asubuhi, na mimi nilidhani ni kiungulia.

Nikaitoa, nikaikunjua. Herufi zinanipa taabu lakini tarakimu hapana, seremala anaishi kwa tarakimu. Mistari kumi. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka chini. Mstari wa mwisho, tano. Pembeni yake, kwa kalamu, saba. Na baada ya ile saba, saini yenye kitanzi mwishoni.

Saini hiyo naijua, binti yangu aliirithi kwa mama yake. Ndiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye ripoti zake za shule, mahali palipoandikwa mzazi.

Nikainua macho. Binti yangu alikuwa ameuma mdomo wa chini, kama mama yake alivyokuwa anauuma jiko likifuka. Akainua dole gumba la mkono wa kulia, kidogo tu, kisha akalificha kiganjani.

Saba. Alibonyeza mara saba.

Kumbe hakuwa amenibebea mzigo wangu. Alikuwa na wake. Kumi na tisa zilikuwa fumbo, zingetufunika wote wawili, baba na binti chini ya shuka moja. Mimi kwa huruma zangu nimezitoa zangu kumi na mbili, nimeziacha saba zake uchi mezani.

Nje gari likapiga honi. Milango ikafunguliwa, ikafungwa. Nikasikia viatu vya wageni kwenye ngazi, na Mama Chai akiwachelewesha: "Karibuni, karibuni, pangusa kiatu baba, na hicho kingine, nimetoka kupiga deki."

Mkurugenzi akavaa koti kwa mkono mmoja. Mwingine akaunyoosha kwangu.

"Lete orodha, Mzee Sanduku."

Nilifikiria kuitupa dirishani. Dirisha lina nyavu. Nilifikiria kuichana, lakini vipande vinaunganishwa. Miaka thelathini na moja nimetengeneza vitu ambavyo karatasi ikishaingia haitoki mpaka zipatikane funguo mbili. Vyote vimekwenda kwa kuku. Ofisini lilibaki sanduku moja tu.

Nikaikunja orodha mara nne, mpaka ikawa na upana wa kidole kimoja.

"Naam, Mheshimiwa," nikasema.

Nikaitumbukiza mdomoni.

"Mzee!" Mkurugenzi akapiga kelele. "Mzee, unafanya nini? Mkamateni! Mfungueni mdomo!"

Mlinzi akanishika kidevu. Mtaalamu akanishika pua. Karatasi za serikali ni ngumu, nawaambieni, zimetengenezwa zisiliwe. Nikatafuna kwa meno niliyonayo, na niliyonayo si mengi.

Mlango ukafunguliwa. Aliyetangulia alikuwa mama mmoja mnene wa makao makuu, miwani puani, faili kwapani. Akasimama. Akamtazama Mkurugenzi mwenye koti la mkono mmoja. Akamtazama Mlinzi na kidevu changu, Mtaalamu na pua yangu.

"Habari za mchana," akasema. "Tumekuja kuchukua ripoti. Huyu mzee anatafuna nini?"

"Dawa yake ya saa tisa," Mama Chai akadakia nyuma yake.

Hakuna aliyepumua. Mimi ndiyo kabisa, pua imeshikwa. Nilikuwa nimeshailainisha nusu, imebaki kusukumwa tu, na saba za mwanangu zingelala tumboni mwangu mpaka kiama.

Barua ya ajira ilikuwa mezani, na ile nukta ya wino kwenye mstari wake.

Binti yangu akapita katikati ya watu, akaja akasimama mbele yangu. Hakuwa anauma mdomo tena. Akakinga kiganja chake chini ya kidevu changu, kama nilivyokuwa namkingia yeye alipokuwa mdogo, anapomeza vifungo vya shati.

"Baba," akasema, na sauti ilikuwa ya mama yake. "Tema."